Kistari cha Duka la Haas

Jumanne jioni usimtembelee Verlene Stadtler. Mlango atakufungulia, hana kiburi, lakini kiti hutapata, maana viti vyote vimelaliwa na vipeperushi vya bei, na hata ukimletea habari ya msiba atakuuliza kwanza kama umeona dengu za Ushirika zilivyoshuka. Watu wa mtaa wake pale mjini Eugene wamemsingizia ubahili miaka nenda rudi, na hawajui wasemalo. Pensheni yake ya udereva wa basi la shule inamtosha. Kinachomtafuna mwanamke yule ni udadisi. Anataka kujua kwa nini tini zilezile, za shamba lilelile, ziwe na bei hii upande huu wa mto na bei nyingine upande wa pili. Alipokuwa kwenye usukani alijua nyumba ipi inachelewa kuamka na sababu yake. Alipostaafu, macho yaleyale akayahamishia kwenye vyakula.

Maduka ya vyakula vya asili anayoyafuatilia ni matatu. Kuna Alder Creek, duka kubwa la ng'ambo ya mto, lenye kipeperushi cha rangi kama mwaliko wa harusi. Kuna Ushirika, duka la wanachama hukohuko ng'ambo, ambalo hutoa karatasi moja tu isiyo na mbwembwe. Halafu kuna la Lubbert Haas, kona ya mtaa, chumba kimoja kirefu kinachonukia mdalasini, ambalo halina kipeperushi bali ubao wa chaki nje ya mlango. Ubao huo Verlene huupitia kwa baiskeli Jumanne mchana, mvua inyeshe isinyeshe, akausoma bila kushuka, akaenda zake.

Yote hayo huyamimina kwenye karatasi moja yenye safu tatu, kila kitu kwenye safu ya duka linalokiuza rahisi kuliko mengine, kisha huibandika kwenye dobi la mashine, pale watu wanapojifulia wenyewe, juu ya mashine za kukaushia. Jumatano asubuhi nusu ya mtaa iko pale imekodoa macho, na wengine hata soksi ya kufua hawana. Karatasi ina sheria moja, imeandikwa chini kwa wino mwekundu: kitu hakiingii mpaka kipatikane katika maduka mawili angalau.

"Kisicho na mwenzake nitakilinganisha na nini?" Verlene huwaambia wanaobisha. "Na mwezi?"

Safu ya Haas ilikuwa rahisi kuijaza. Duka dogo halipewi bei nzuri na wauzaji wa jumla, na kila alichouza Haas kilipatikana kwa bei nafuu kwingine. Kwa hiyo penye jina lake, wiki baada ya wiki, Verlene aliweka kistari. Hakuwa na ubaya naye. Kistari kilikuwa kweli, na kwa Verlene kweli ikishaandikwa hakuna tena la kusema.

Sasa mvua za Oktoba zilipoanza, ndipo shoga yake Corliss Umphrey alipomletea habari. Corliss ana nyonga mbovu na anatembea na kigari cha magurudumu manne chenye kikapu mbele, na hicho kikapu ndicho kinachobeba umbeya wote wa mtaa.

"Umesikia la Haas?" akasema, akiondoa kipeperushi kwenye kiti bila kuomba ruhusa. "Mkataba wake wa pango unakwisha. Mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa Novemba, aendelee au afungashe. Na duka halina watu, shoga. Jana nimeingia nikamkuta anafuta vumbi kwenye chupa ambazo juzi nilimkuta anazifuta vumbi."

"Ulinunua nini?"

"Nilimsalimia."

"Corliss."

"Unanitazama hivyo kwa nini? Karatasi yako ndiyo imeniambia kitunguu rahisi kiko Ushirika, nikamwagiza jirani aliyekuwa akivuka." Corliss akajipapasa nyonga. "Lakini akifunga nimekwisha. Maduka mengine yote yako ng'ambo, na daraja lile kwa kigari hiki, nikianza safari leo mtanipokea Krismasi. Sijui nitafanyaje."

Alilisema kwa mzaha, lakini hakucheka, na Verlene akabaki na kalamu mkononi.

Jumanne iliyofuata alipita kwenye ubao wa Haas kama kawaida, na kwa mara ya kwanza akafunga breki. Siagi ya lozi, chupa kubwa, bei ya chini kuliko ya mji mzima. Verlene akashuka kwenye baiskeli. Akasoma tena. Akaigusa chaki kwa kidole kuona kama ni ya leo, na ilikuwa ya leo.

Aliandika kwenye karatasi, maana kweli ni kweli, na watu wakaenda wakazimaliza chupa zote. Wiki ya pili ilikuwa asali. Ya tatu mafuta ya nazi. Mtaa ulifurahi, Corliss alifurahi kuliko wote, lakini Verlene usingizi ulimpaa. Bei za jumla anazijua. Kwa bei ile Haas angekuwa anamlipa mteja achukue. Je, amepata muuzaji mpya? Amerithi ghala? Ameiba? Hilo la mwisho alilifikiria akiwa anapiga mswaki, akajionea haya, kisha akaendelea kulifikiria.

"Mtu ameuza rahisi, wewe unaumwa," Corliss alimwambia. "Kula asali ulale."

"Asali haishuki hivihivi. Kuna kitu."

"Kuna kitu ndani yako wewe. Nenda hospitali."

Na pengine asingejua kamwe kama Haas angekuwa anauza kwa watu wa mji mwingine. Lakini mtu wa Eugene hatupi chupa. Chupa ya kioo ikishalambwa mpaka mwisho, hulowekwa kwenye maji ya moto na chumvi ya magadi, lebo zikabanduka, ikaoshwa, ikapimwa ikiwa tupu na uzito wake ukaandikwa chini, ili siku ya kwenda kwenye mapipa ya kujipimia mtu alipie choroko tu, asilipie kioo. Kila jiko la pale lina safu ya chupa za namna hiyo zinazoringa dirishani. Verlene ana safu mbili.

Basi siku siagi ile ya lozi ilipokwisha, akailoweka. Stika ya Haas, nyeupe, yenye mwandiko wake wa kulala, ikajikunja, ikaachia, ikaelea juu ya maji. Chini yake palikuwa na stika nyingine, ya rangi ya chungwa. Verlene hakuhitaji miwani. Ile chungwa ni ya ofa za Alder Creek, na mji mzima hakuna duka jingine linaloitumia.

Alisimama pale mpaka maji yakapoa. Akachukua chupa ya asali, ambayo ilikuwa bado na asali nusu, akaihamishia kwenye bakuli, akailoweka nayo. Chungwa. Mafuta ya nazi, chungwa vilevile. Akavuta kiti, akaketi juu ya vipeperushi vya wiki ile bila hata kuviangalia, na jambo hilo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Kumbe ndivyo. Jumatano Alder Creek wana kioja chao: ofa za wiki iliyopita hazijafa, ofa za wiki mpya zimeshazaliwa, na siku hiyo moja zote zinakubaliwa. Wenyewe wana jina lao la kuiita. Mimi naiita Jumatano ya uke wenza, bei mbili ndani ya nyumba moja, na mteja mjanja hula kwa zote mbili. Haas alikuwa anakwenda huko, ananunua kwa bei ya ofa inayokufa siku hiyo, anabandika stika yake juu, na kule bei ikishapanda anauza kwa bei ileile aliyonunulia. Faida hapati hata ndururu. Hilo lilikuwa wazi. Lakini kwa nini? Mwenye duka gani anahamisha chupa kutoka rafu ya mwenzake mpaka rafu yake, bure, kwa jasho lake, na huku pango linamsubiri? 

Jumatano asubuhi hakwenda kwenye dobi. Alivuka mto. Akajipanga kwenye mapipa ya maharage pale Alder Creek, akajifanya anachagua, na kila keshia alipomtazama alichota maharage kidogo akayarudisha. Haukupita muda Haas akaingia, mrefu, kofia ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Kibao kilisema chupa nne kwa kila mteja. Haas akachukua nne za siagi ya ufuta, akalipa, akatoka. Baadaye kidogo akarudi bila kofia, akachukua nne nyingine, akaenda kwa keshia mwingine.

Mara ya tatu alikuwa amevaa miwani. Verlene akaona imetosha.

"Bwana Haas."

Mzee wa watu akaganda na chupa zake. "Verlene. Ninanunua za nyumbani."

"Chupa kumi na mbili? Unakula kwa mwiko?"

Alitazama chini. Kisha akaziweka zile nne taratibu kwenye rafu, lebo zimetazama mbele, maana mwenye duka ni mwenye duka hata akiwa kwenye duka la mwenzake. Wakatoka nje, wakaketi kwenye benchi kando ya baiskeli, mvua nyembamba ikiwanyeshea kama kawaida yake, wala hakuna aliyefungua mwavuli.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nililoweka chupa."

Haas akafumba macho. "Chupa. Miaka yote nimeishi mji huu, nikasahau chupa."

"Niambie kwa nini tu. Sitakwenda kutangaza. Nataka kujua."

Haas akavua miwani. "Jumanne usiku huwa nafua aproni kule kwenye dobi," akasema. "Asubuhi nazifuata. Karatasi yako iko juu ya mashine ninayoipenda. Na kila nikienda, nasoma: Alder Creek, hivi na hivi. Ushirika, hivi na hivi. Haas, kistari. Naenda wiki nyingine, Haas, kistari. Sikukukasirikia, nielewe. Kila wiki ulikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba sikuwa na pa kukulaumu. Watu wananipita mlangoni wanakwenda kuvuka daraja, wananipungia mkono. Nikasema kabla sijampa mwenye nyumba ufunguo wake, nataka nione namba kwenye safu yangu. Wakija kwa siagi, labda watanunua na chumvi."

"Walinunua chumvi?"

"Walinunua siagi."

Verlene aliona aibu, nayo ilimwingia polepole. Aliutazama mto. Alikuwa amejiona mtu wa kweli, mwenye mkono usioegemea upande wowote, na kumbe ule mkono ulikuwa unafunga mlango wa mtu kidogokidogo kila Jumatano. Na hapakuwa na hata tarakimu moja ya uongo ya kufuta.

"Nina swali," akasema mwishowe.

"Wewe huwa huishiwi."

"Dukani kwako kuna nini ambacho sijawahi kukiandika?"

Haas akamgeukia. "Mara ya mwisho kuingia dukani kwangu ilikuwa lini, Verlene? Kuingia, si kupita na baiskeli."

Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka paka wa kijivu kwenye dirisha la duka.

"Yule paka mzima?"

"Amekufa zamani," Haas akasema.

Walivuka daraja pamoja, Verlene akisukuma baiskeli. Dukani Verlene aligusa kila kitu. Akafungua makopo ya viungo akanusa, akauliza mizani ilinunuliwa wapi, akauliza kwa nini kabeji zimekatwa nusu. Haas akajibu kwamba watu wanaoishi peke yao nzima huwaozea. Kisha nyuma, karibu na mlango wa stoo, Verlene akakuta mashine ya chuma yenye mdomo mpana juu na bomba fupi chini, na pembeni yake gunia la hazeli, zile kokwa za duara za mashamba ya bondeni.

"Hii ya nini?"

"Ya kusagia. Hazeli za dada yangu, nazikaanga mwenyewe hapo nyuma. Mtu akija na chupa yake namsagia siagi amesimama hapohapo."

"Mbona hukuandika kwenye ubao?"

"Ili iweje? Alder Creek hawana. Ushirika hawana. Soma mwenyewe sheria yako ya wino mwekundu."

Akawasha mashine. Kelele yake ilikuwa ya kutisha, madebe yote ya chai yakatetemeka rafuni, na harufu ikajaa duka zima. Haas akampa kijiko. Verlene alilamba, akalamba tena kijiko ambacho tayari kilikuwa kitupu. Alipofungua mdomo kuuliza bei, mteja akaingia kutaka nusu kabeji, na Haas akaenda kumhudumia. Verlene akatoka akasahau kuuliza.

Alikumbuka Jumanne, akiwa mezani na karatasi. Alder Creek ameijaza. Ushirika ameijaza. Kwa Haas, siku hiyo ubao wa chaki ulikuwa mtupu. Zile chupa nane za siagi ya ufuta Haas hakuziuza, na ukweli ulikuwa kistari. Kalamu ilisimama pale hewani. Akainuka, akavaa koti aende akaulize bei ya hazeli. Alifika mlangoni, mkono kwenye kitasa, kisha akacheka peke yake, akavua koti, akarudi kuketi. Akachukua wino mwekundu akaikata ile sheria yake. Chini akachora mraba.

Jumatano watu walikusanyika kwenye dobi, na Corliss, ambaye kigari chake humpa haki ya kusimama mbele, akasoma kwa sauti.

"Visivyo na mwenzake. Kwa Haas: siagi ya hazeli, inasagwa umesimama. Njoo na chupa." Akageuza shingo. "Bei iko wapi?"

"Sijui," Verlene akasema.

Dobi zima likamgeukia. Miaka yote hawajawahi kumsikia akisema neno lile.

"Hujui? Wewe?"

"Sijamuuliza. Nendeni mkamuulize."

"Ni rahisi au ghali?"

"Corliss, nimekwambia sijui."

Corliss alimkazia macho shoga yake kama anayemtafuta homa. Kisha akageuza kigari bila kuaga, akaburuza kuelekea kona, na nyuma yake akafuata mmoja, na mwingine, na mwanamume mmoja ambaye shuka zake zilikuwa bado zinazunguka. Mtaa ule ulikuwa umezoea kupewa majibu kila wiki. Swali liliwatoa mbio. Walikwenda kuuliza bei tu, wenyewe walisema hivyo, lakini ile mashine ilipowashwa na harufu ikawapanda puani, wengi wao walirudi nyumbani kuchukua chupa. Na kwa kuwa Haas husaga pole pole, waliokuwa wakisubiri hawakuwa na la kufanya ila kutazama rafu, wakaona chumvi, wakaona kabeji zilizokatwa nusu.

Haikuwa miujiza. Wiki nyingine walikuja wachache, nyingine mvua iliwazuia kabisa, na Verlene alikuwa akipita na baiskeli moyo juu, akihesabu vichwa dirishani. Mwisho wa Novemba Haas alimjibu mwenye nyumba. Alitia saini mwaka mmoja, ingawa mwenye nyumba alitaka mitano. Corliss ndiye aliyeleta habari, na safari hii kikapu cha kigari kilikuwa na kitunguu cha Haas ndani yake, ghali kuliko cha Ushirika, naye alilitaja hilo mara mbili.

Siku iliyofuata Verlene aliegemeza baiskeli ukutani akaingia dukani na chupa. Ilikuwa ile ile ya siagi ya lozi, safi, uzito wake umeandikwa chini. Haas aliitambua. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba mahali stika zilipokuwa, akaiweka chini ya bomba na kuwasha mashine. Ilipojaa akaipima, akatoa uzito wa kioo, akataja bei.

Verlene aliisikia. Kwa mazoea akili yake ikaondoka mbio kutafuta nyingine ya kuiweka kando yake. Ikaenda mpaka ng'ambo ya mto, ikarudi mikono mitupu. Hakuwa na njia yoyote ya kujua kama amepunjwa au amependelewa. Akafungua pochi, akalipa, akaomba kifuniko.